Kazi Maalumu Siku ya Mkaguzi

14 Januari

Mwalimu,

Ndiyo, nimeandika Mwalimu, sikuandika mpwa wangu. Nimeliangalia neno hilo kwenye karatasi muda mzuri tu, nikaliona limekaa sawa, halikuinama upande wowote, na mimi ni mtu wa kupima vitu vilivyoinama. Katika ukoo wetu, tangu yule babu aliyemkemea simba mpaka simba akaomba radhi, hatujapata mwalimu wa cheti. Walimu wa mdomo tunao, na mimi ndiye kiranja wao.

Mama yako anasema kwa nini nisikupigie simu kama watu wengine. Mwambie simu ni ya watu wenye haraka. Barua unaisoma mara mbili, na ukibishana nayo haikati.

Sasa sikiliza. Nimesikia umepewa darasa la nne, watoto arobaini na nane. Usitishike. Mimi nimefundisha mafundi kumi na saba kuweka vigae, na kumi na watano kati yao leo wana mafundi wao. Wawili waliobaki, mmoja aliacha kazi kwa sababu ya mgongo, mwingine kwa sababu ya mke. Ule ukumbi wenye nguzo nane, sakafu yake nimeiweka mimi kwa siku sita. Mhandisi alipomwaga maji kupima, maji yalisimama pale katikati yakashangaa, hayakujua yaelekee wapi. Mhandisi akavua kofia. Muulize mtu yeyote, isipokuwa mhandisi mwenyewe maana alihama.

Ushauri wangu wa kwanza: usiingie darasani kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Ingia kama mwenye nyumba. Wa pili: niandikie kila kitu, usinifiche hata kimoja. Kazi mpya ikifichwa huoza.

Mjomba wako,
Fundi

2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Niliingia kama mwenye nyumba. Wakanipokea kama mpangaji.

Madawati yanatosha watoto thelathini, kwa hiyo kumi na wanane wanakaa wakiwa wamebanana, na kila anayebanwa anapiga kelele kwa niaba ya mwenzake. Dirisha moja halina kioo, limezibwa kwa boksi. Ikifika Jumatano sina sauti. Nimepewa mwalimu mlezi, mama mmoja aliyefundisha miaka ishirini na sita, anakaa nyuma ya darasa na daftari lake dogo. Jana alinionyesha alichoandika: “Anazungumza na ubao.” Kweli tupu, Mjomba. Ubao haunicheki.

Umesema nisikufiche, basi kuna jambo. Nina mwanafunzi mmoja, wenzake wanamwita Kinanda kwa sababu huimba huku midomo imefungwa, siku nzima, hata hajui kama anaimba. Ni mtoto mpole. Nikimwambia asome anasimama anasoma vizuri, kwa sauti. Juzi nikapita nyuma yake akisoma habari ya ng’ombe aliyepotea, na kitabu chake kimefunguliwa kwenye ukurasa wa kisima. Alikuwa anarudia kwa kichwa alichokisikia kwa jirani yake. Hajui kusoma. Amefika darasa la nne namna hiyo, na hakuna aliyejua, au waliojua hawakusema.

Sasa kila mapumziko nakaa naye dakika ishirini kwenye ngazi ya darasa. Anajua herufi kumi na moja.

Mkaguzi atakuja mwishoni mwa Machi. Hana mambo mengi: anamnyooshea kidole mtoto yeyote anayemtaka, anamwambia asome. Baada ya hapo anaandika kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani. Mwalimu mpya aliyekuwa na darasa hili mwaka jana alirudishwa kwa sababu ya watoto watatu. Mimi ninaye mmoja tu, lakini kidole kinamtosha mmoja.

Mjomba, naogopa.

Mpwa wako

16 Februari

Mwalimu,

Nimecheka mpaka fundi mmoja akadondosha kigae. Unaogopa mkaguzi? Mimi wakaguzi nimekula nao sahani moja, kwa namna ya kusema. Ngoja nikupe kile kisa changu. Najua umekisikia harusini na msibani, lakini ulikuwa mdogo, ulikuwa unasubiri sehemu ya kucheka tu. Sasa kisome kama mwalimu.

Shuleni kwetu siku ya mkaguzi ilikuwa kama harusi ambayo bwana harusi hapendwi. Kuta zinapakwa chokaa, walimu wanavaa soksi. Asubuhi, kabla gari lake halijafika, Mwalimu Mkuu anasimama mlangoni kwetu. Mtu mrefu yule, akikohoa bati linalia. Anatazama darasa zima, watu sitini na wawili, kisha kidole hichoo. “Wewe. Njoo.”

Mimi! Simchagui kiranja, simchagui yule mtoto wa karani aliyekuwa anapata mia kwa mia mpaka inachosha, ndivyo macho yake yalivyokuwa yanasema. Mimi. “Kuna kifurushi cha chaki kinakuja posta,” ananiambia. “Sitaki kishikwe na mtu mwingine. Usiondoke mpaka kifike.”

Nikatoka darasani kifua mbele, wenzangu wamebaki wanatetemeka na vitabu vyao. Nikakaa posta wima kama askari wa lango la ikulu. Karani wa posta alikuwa na kipara na kalamu tatu mfukoni, mtu mzembe kama yule sijaona. Kila saa namuuliza, kila saa anasema, “Hakuna kitu, bwana mdogo.” Nikamwambia, “Kitakuja. Mwalimu Mkuu hasemi uongo.” Akanitazama tu. Mchana ukaisha, kifurushi hakuna, nikarudi mikono mitupu najua leo nachapwa. Unajua Mwalimu Mkuu alifanya nini? Alinishika bega. “Umefanya kazi nzuri,” akasema. Hata hakukiulizia!

Na si mara moja. Mara tano, darasa la tatu mpaka la tano. Kila mkaguzi akija, mtu wa kazi maalumu ni yule yule. Na kifurushi hakikufika hata siku moja, na hata siku moja sikugombezwa. Niambie, ni mtoto gani mwingine aliyeaminiwa namna hiyo na mkubwa wa shule?

Kwa hiyo huyo Kinanda wako, kabla hujamjaza herufi, mjaze heshima kwanza. Mpe kazi maalumu. Mtoto akiaminiwa anarefuka. Mwaka ule nilijipima mlangoni nikakuta nimeongezeka vidole vinne.

Mjomba wako,
Fundi

30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mkaguzi alikuja Jumatano. Yamekwenda vizuri, vizuri sana. Aliwanyooshea kidole watoto sita, wote wakasoma. Alinipa mkono mbele ya darasa. Barua ya kuthibitishwa itafuata, na amesema mwezi Juni atarudi na walimu wapya wa shule nyingine waje kuniona nikifundisha somo la mfano. Mwalimu Mkuu wetu sasa ananisalimia kwa cheo.

Nilifuata ushauri wako. Nilimpa Kinanda kazi maalumu. Alikaa getini na mlinzi tangu saa mbili mpaka saa saba, akisubiri kifurushi cha vitabu. Alifurahi. Alikuja na viatu vimepakwa mafuta.

Mwalimu wangu mlezi hakuandika chochote siku hiyo. Alilifunga daftari lake akalikalia.

Sina mengi. Nina maandalizi ya Juni. Msalimie Mama.

Mpwa wako

9 Aprili

Mwalimu wa Walimu!

Barua yako nimeisoma kazini, nimesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sauti ya kwenye spika. Tunaweka sakafu ya zahanati mpya, na wagonjwa wa zahanati ya zamani, ile ya jirani, walikuja dirishani kusikiliza. Mmoja aliondoka amepona. Nimewaambia wote: huyu ni damu yangu, na ule ushauri ulitoka kichwani hapa. Wana bahati kichwa changu hakitozi kiingilio.

Ila wewe unaandika kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mistari kumi na tano kwa habari kubwa kama hiyo? Mimi ningemaliza karatasi. Na hukusema jambo la maana kuliko yote: kifurushi kilifika? Kama hakikufika, wafuatilie. Hawa watu hawajabadilika tangu enzi zangu.

Nimemwandikia huyo mtoto. Nimeweka ndani ya bahasha hii hii. Mpe mwenyewe, na kama bado herufi zinamsumbua, msomee. Mwambie siku nikija nitampigia saluti.

Mjomba wako,
Fundi

(Na hii ni ya mtoto.)

Kwa Kinanda, Mtu wa Kazi Maalumu,

Mimi ni mjomba wa mwalimu wako na ni mwenzako kazini. Zamani, nikiwa na umri wako, mkaguzi akija shuleni nilichaguliwa mimi kati ya watu sitini na wawili kwenda kusubiri kifurushi. Nilichaguliwa mara tano, wewe ndiyo kwanza umeanza, kwa hiyo niheshimu. Kazi yetu ni ngumu, watu hawajui. Kukaa bila kuondoka si kila mtu anaweza. Leo mimi ni fundi mkubwa, na yote yalianzia pale. Kaza mkanda.

Fundi

28 Aprili

Mjomba,

Hii ni mara ya nne naanza kuandika. Nikiisoma tena sitaituma, kwa hiyo samahani kwa makosa.

Nilimsomea Kinanda barua yako jana, kwenye ngazi ya darasa. Alisikiliza mpaka mwisho, hata kuimba akaacha. Kisha akauliza, “Huyo mjomba wako naye hajui kusoma?”

Nikamwambia unajua, barua umeiandika kwa mkono wako.

“Sasa hivi,” akasema. “Wakati ule je?”

“Sijui.”

“Hakujua. Anayejua hatumwi siku ile.” Hakusema kwa hasira, Mjomba. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Halafu akasema, “Mwalimu, kifurushi hakikuwepo, eti?”

Nikaikunja barua yako.

“Mlinzi aliniambia. Alisema vitabu huletwa na gari, na gari huja Ijumaa. Ile siku ilikuwa Jumatano.”

“Sasa mbona hukuondoka?”

“Ulisema nisiondoke.”

Sasa nikwambie lililo baya zaidi. Mimi nilijua. Kile kisa chako cha Februari nilikisoma mara mbili kama unavyotaka barua zako zisomwe, na mara ya pili nikaelewa kwa nini Mwalimu Mkuu wako hakuulizia kifurushi. Nilikaa na barua yako magotini na moyo wangu ukauma kwa ajili yako. Ukauma kama dakika tano. Dakika ya sita nikaona kwamba umenipa njia, nikaichukua. Ulinipa kitu ulichokipenda maisha yako yote, ukidhani unamheshimisha mtoto, na mimi nikakigeuza nikakitumia vile vile kilivyotumika kwako. Kisha nikakuandikia kwamba nimefuata ushauri wako.

Na tangu Machi sijakaa naye mapumziko. Nachora chati za somo la mfano. Februari nilikwambia anajua herufi kumi na moja. Jana nilimpima: kumi na moja.

Sikuombi unijibu haraka.

Mpwa wako

26 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mwezi unaisha hujajibu. Mama anasema umekwenda kwake Jumapili mbili mfululizo na hukusimulia chochote, ulikunywa chai ukaondoka. Anasema ameogopa zaidi kuliko siku ulipoanguka kwenye ngazi ya ujenzi.

Nitukane, Mjomba, lakini andika.

Mpwa wako

3 Juni

Mpwa wangu,

Wiki ya kwanza nilikukasirikia. Nilisema hiki ndicho tunachosomeshea watoto, wakijua herufi zote warudi kumfundisha mjomba maisha yake. Nilikuandikia kurasa tatu za matusi ya heshima nikazichoma na mifuko ya saruji.

Wiki ya pili nikaanza kujitetea. Nikajiambia haiwezekani. Mbona alinishika bega? Mtu hamshiki bega mtu anayemficha. Nikawa naweka vigae huku nabishana na Mwalimu Mkuu aliyekwisha kufa zamani, mpaka mafundi wakauliza kama naumwa. Ila kitu kimoja kilinikaba. Mara tano. Ni chaki gani inayoagizwa mara tano, siku ya mkaguzi tu, isifike mara tano, na mwenyewe asiulize? Nimeishi na hesabu hiyo miaka arobaini bila kuijumlisha, na mimi najumlisha vigae vya chumba kizima kwa kukitazama nikiwa mlangoni.

Wiki ya tatu nikaenda kwa mama yako. Nikamuuliza. Akaendelea kukunja nguo. Nikamuuliza tena. Akasema, “Kaka, sisi sote tulijua.”

Sisi sote! Miaka arobaini nasimulia, mnakaa mnanisikiliza, mnacheka mahali pa kucheka, mnaniambia “hebu rudia pale pa karani.” Nikamwambia, kwa nini mliniacha? Akasema, “Ulikuwa unakipenda kile kisa. Tungekupa nini badala yake?” Nikanywa chai yake.

Nikuambie na mengine, maana leo nimeamua kuaibika yote kwa pamoja. Nimekuwa nikisema nilijifunza kusoma kwa wiki tatu, peke yangu, kwa maandishi ya mabango. Uongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyenifundisha ni mama yako, naye alikuwa na kumi na minne, jikoni, mlango umefungwa, kwa maboksi ya vigae. Ilichukua miaka miwili. Neno langu la kwanza lilikuwa TAHADHARI. Hakumwambia mtu mpaka leo, na mimi nilimlipa kwa kumtoa kabisa kwenye hadithi.

Na darasa la tano sikuliacha kwa kuwa nilipata kazi, kama ninavyosimulia. Siku ile ya tano, nikitoka getini kwenda posta, nilisikia darasa langu wanasoma kwa pamoja, wanajizoeza kabla ya mkaguzi. Sauti ilikuwa nzuri. Nilisimama kidogo. Nikajisemea: wanasoma vizuri leo, hawana anayewapotosha. Nilijisemea hivyo, Mpwa wangu, kwa maneno hayo. Kwa hiyo huenda nilijua. Kesho yake sikurudi shule.

Bado sijafika chini. Nina mwanafunzi kazini, mtu mzima, baba wa watoto wawili, tunamwita Taratibu. Mkono wake mzito, kigae kimoja anakiweka kama anamlaza mgonjwa. Mwenye jengo akija kukagua, mimi humwambia, “Taratibu, hebu kalete mchanga.” Mchanga upo, umejaa. Anachukua toroli anaondoka. Nilikuwa najiambia namwamini na vifaa. Kichwa changu hakikujua kilichofanywa posta, lakini mkono wangu ulijua, na ukafanya vile vile miaka miwili.

Wewe unaniomba mimi radhi? Mimi ndiye niliyekuletea kitu kile nyumbani kwako nimekifunga kwa karatasi ya zawadi. Na yule mtoto nimemwandikia akaze mkanda. Nikilikumbuka neno hilo natamani nikae chini ya sakafu niliyoiweka.

Juni hiyo mkaguzi akija, usimtume. Zaidi ya hapo sijui umfanye nini. Ni mara ya kwanza sijui kitu, andika tarehe.

Mjomba

29 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinikuta nimesharudi kwenye ngazi na Kinanda, dakika ishirini kila mapumziko, na nyingine ishirini baada ya shule. Chati za somo la mfano nilizichora vibaya tu, kwa kalamu ya kawaida. Herufi zimefika kumi na tisa. Anasoma “kaka” na “maji” na “paka.” Nikikaa naye haimbi. Akirudi kwa wenzake namsikia anaanza.

Somo la mfano lilikuwa jana. Sikumtuma. Nilikuwa nimepanga kila kitu, Mjomba: angekaa katikati, na mkaguzi akimnyooshea kidole angesoma polepole anavyoweza, na mimi ningesema mbele yao wote kwamba yuko njiani. Niliona hiyo inatosha. Kuhusu Machi nilipanga ninyamaze. Nakwambia ukweli kwamba nilipanga.

Mkaguzi akaingia na walimu wapya kumi na mmoja, wakajipanga ukutani. Watoto wakasimama, wakasalimu, wakakaa. Kinanda hakukaa. Alichukua sweta lake kwenye msumari, akapita katikati ya madawati, akasimama mlangoni. Akanigeukia, kwa adabu kabisa, na sauti iliyosikika mpaka nje:

“Leo niende wapi, Mwalimu?”

Mkaguzi akauliza, “Anaenda wapi huyu?”

Neno “msalani” lilikuwa tayari mdomoni, Mjomba. Lilikuwa fupi, na kila mtu angeliamini. Hata Kinanda angelitii, angekwenda akasimama msalani mpaka saa saba.

Nikasema, “Haendi popote. Anadhani namtoa kwa sababu bado hajui kusoma. Ulipokuja Machi nilimtoa. Nilimdanganya kwamba kuna kifurushi.”

Mwalimu mmoja ukutani alicheka, akaona yuko peke yake, akakohoa. Wengine walitazama viatu vyao, na walivyovitazama nikajua si mimi peke yangu. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Endelea na somo,” akasema. Nikaendelea. Sikumbuki nilifundisha nini. Hakunyoosha kidole kwa mtu yeyote.

Barua ya kuthibitishwa imezuiwa. Nimeongezewa mwaka mmoja wa kuangaliwa, na ukaguzi ujao nikishindwa nafungasha. Mwalimu Mkuu amerudi kuniita “wewe.” Mwalimu mlezi alinifuata nje akasema, “Machi nilikuona nikanyamaza. Mimi nimewatoa wengi, wengine kwa fagio, wengine kwa ndoo.” Akaondoka kabla sijajibu.

Kinanda alirudi akakaa. Lakini amekaa ukingoni mwa dawati, mguu mmoja nje, sweta mapajani, na leo pia amekaa hivyo hivyo, na leo hapakuwa na mgeni yeyote. Nikamwambia, “Kaa vizuri.” Akasema, “Nimekaa.” Ningelia, lakini watoto arobaini na nane walikuwa wananitazama.

Nifanye nini akae?

Mpwa wako

10 Julai

Mwalimu,

Nimelirudisha neno hilo. Usiulize kwa nini.

Jumatatu mwenye zahanati alikuja kukagua. Taratibu alipomwona tu, akashika toroli. Sikuwa nimesema neno. Nikamwambia aache, akae na kazi yake. Akafanya, kigae kimoja nusu saa, mwenye zahanati anatazama, mimi natoka jasho. Kiliinama. Tulikibandua tukakiweka tena, wote wawili tumepiga magoti. Mwenye zahanati ametaka fundi mwingine kwa vyumba vilivyobaki. Sijamlaumu Taratibu. Yeye ndiye aliyenilaumu: ameniambia angekuwa amepewa nafasi hiyo miaka miwili iliyopita, leo kisingeinama.

Sasa swali lako. Usimwambie akae vizuri. Mfundishe kusoma, kila siku, hata asipokuimbia, hata asipokushukuru. Ukingoni atatoka mwenyewe, au hatatoka. Hilo si lako tena kulitengeneza, na mimi na wewe tuliomsogeza pale tusimharakishe.

Nakwambia kwa nini. Barua yako niliisomea sebuleni kwa mama yako. Nilipofika pale pa mguu mmoja nje, nikajitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti, goti limeelekea mlangoni, kofia mkononi. Nikamuuliza mama yako, mimi siku zote nakaa hivi? Akasema, “Tangu utoto wetu. Watu husema una haraka.”

Nina miaka hamsini na miwili. Nikajisukuma nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti. Ni mahali pazuri pale, sikujua. Nikakaa hivyo kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka mia moja. Kisha nikahisi kuna mtu mlangoni anataka kuniita, nikasogea mbele tena.

Mjomba